Sinia 2 (mwaka wa pili wa sekondari) kwenye karakana ya lubugo kule Mpigi: nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja nitawaambia imeenda wapi

Walimu wenzangu, kabla sijasema kitu kingine: mkienda kwenye karakana ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, nendeni siku ambayo kuna mti wa kuambua gome. Msikubali kuoneshwa vitambaa vilivyokwisha tengenezwa alafu mkapitishwa dukani mkarudi zenu, hapo mtakua mmelipia kuangalia mikoba. Sisi nusura itukute hivo hivo, nitaeleza.

Mi nafundisha Kiswahili sekondari moja hapa Kampala, na huu mtaala mpya ulioanza 2020 unataka watoto wafanye projekti, sio kunakili ubaoni tu. Sinia 2 wangu walichagua wenyewe mada ya vitu vya mkono visivyoharibu mazingira, wakaanza na vikapu, wakahamia kwenye shanga za karatasi, mwisho mtoto mmoja akasema mbona tusiende kuona lubugo, kwao Masaka bibi yake anayo kabatini. Kwa ndugu wa Kenya na Tanzania ambao hamuijui, lubugo ni kitambaa cha gome la mti unaoitwa mutuba. Hakifumwi wala hakisokotwi, gome linapondwa kwa nyundo za mti mpaka linakua nguo. UNESCO waliutangaza ufundi huu mwaka 2005 na mwaka 2008 ukaingia kwenye orodha yao ya urithi wa binadamu. Hiyo ya UNESCO watoto walishaisoma kwenye simu, lakini kati ya watoto 42 hakuna hata mmoja aliyewahi kuona lubugo ikitengenezwa, hata Waganda wenyewe, na hilo liliniuma.

Kazi kubwa ilikua kibali cha wazazi. Hapa Buganda lubugo watu wengi wanaiona msibani tu, maiti anafungwa nayo, au wanaiona imening'inizwa kwenye masabo, yaani vibanda vya matambiko vya waganga, kwa hiyo ukimwambia mzazi aliyeokoka kwamba unampeleka binti yake kwenye lubugo anashtuka. Mama mmoja alinipigia saa 2 usiku akasema, "Madam, mtoto wangu ni wa kanisani, mambo ya masabo mi sitaki." Nikamwambia mama yangu, tunaenda kuona mti na nyundo, hakuna tambiko lolote, na binti yako nitakaa naye mi mwenyewe, akishindwa nampeleka kwenye gari. Akanyamaza kidogo alafu akasema sawa, lakini asiiguse. Nimeitaja hii manake mwalimu yeyote atakayepeleka watoto itamkuta, jiandae na majibu ya upole, usiwabeze wazazi, woga wao una historia.

Safari yenyewe si ndefu, Mpigi ni kama kilomita 35 kutoka Kampala kwa barabara ya Masaka, ila kuanzia Busega mpaka Nsangi jamu ilitushika kweli kweli, tukatambaa na kosta yetu tangu saa 12 na nusu hadi saa 3 kasoro. Ukipita Mpambire pale wanapouza ngoma kando ya barabara unaingia njia ya udongo mwekundu, na kwa mvua za Novemba dereva alishuka mara mbili kukagua matope. Kuna gari dogo lililokwama tukasaidia kusukuma. Nendeni na gari lililoinuka juu.

Tulipofika dada wa mapokezi alitukaribisha vizuri sana, maji ya kunywa, viti, yote. Alafu akatuweka mbele ya TV. Dakika 40 watoto wanaangalia video ya kitu ambacho kiko mita 50 kutoka walipokaa! Video ikaisha, akasema sasa tuingie dukani. Nikauliza, na mti? Akasema mti waliambua jana, leo tungeona gome lililolowekwa tu. Moyo ulinidunda, manake kwenye simu waliniahidi, na kila mtoto alilipa shilingi elfu 10 za Uganda kwa sababu ya huo mti. Sikupiga kelele, nilimwomba tu aniitie fundi mwenyewe.

Akaja mzee mmoja, mwembamba, mikono imekakamaa kama mizizi. Nikamweleza kwa Luganda changu cha kuungaunga. Akawatazama watoto, akachukua kisu chake na panga, akasema "Mujje," yaani njooni, akatangulia shambani. Nyota tatu kati ya hizo nne ni za huyo mzee peke yake.

Mutuba haupandwi msituni, uko katikati ya migomba na kahawa, unaipa kahawa kivuli, na yeye alikua nayo kama 20 hivi imetawanyika. Akachagua mmoja mnene kama kiuno cha mtu. Kwanza alikwangua ganda la nje, lile kavu, taratibu mpaka ikatokea rangi ya kijani. Akakata mzunguko mmoja chini karibu na mizizi, akapanda ngazi akakata mwingine juu, alafu mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini. Akachonga kabari kutoka kwenye shina la mgomba, kabari laini inayotoa maji, akaichomeka kwenye ule mstari na kuisukuma kidogo kidogo. Utomvu mweupe ukawa unamchuruzika viganjani. Gome likaachia upande mmoja, kisha upande wa pili, likatoka zima kama mtu anavuliwa shati usingizini na hataki kuamshwa. Mti ukabaki uchi, mweupe, umelowa, unang'aa. Watoto 42 na hakuna aliyesema neno, na hao watoto mi nawajua, kunyamaza wote kwa pamoja sijawahi kuona hata kwenye mtihani.

Msichana mmoja wa Arua ndo akavunja ukimya, "Mwalimu, si utakufa sasa?"

Ni swali zuri na jibu lake ndilo lililonifanya niandike yote haya. Mwenzangu wa bayolojia tuliyekwenda naye akawaeleza pale pale: miti mingi ukiizungushia kisu na kutoa gome inakufa, manake chakula kinachotengenezwa na majani kinapita kwenye gome kwenda mizizini, ukikata njia mizizi inalala njaa. Lakini chini ya gome kuna utando mwembamba sana ulio hai, ndio unaozaa gome jipya, na kwenye mutuba ukiuacha bila mkwaruzo na bila kukauka unaanza kazi tena. Hapo watoto wakaelewa kila kitu walichokua wameona. Kabari ni ya mgomba na sio chuma ili isikwaruze. Kazi inafanywa msimu wa mvua ili gome liachie lenyewe bila kulazimishwa. Na mzee hakuondoka pale na gome lake begani kwenda kupiga pesa, alianza kwanza kuufunga mti. Alichukua majani mabichi ya mgomba akauzungushia kutoka chini hadi juu, safu juu ya safu, akafunga kwa kamba za mgomba, akapitisha kiganja kila mahali kutafuta tundu, kama mama anavyofunika mtoto mwenye homa. Kufunga kulichukua muda mrefu kuliko kuambua.

Kisha akatupeleka kwenye mti aliouambua mwaka jana. Gome limerudi lote. Watoto wakagusa. Akatupeleka na kwenye wa tatu, mkubwa, wenye makovu ya pete juu na chini, huo ulipandwa na babake na yeye ameuambua tangu akiwa kijana. Akasema gome la kwanza la mti mchanga huwa gumu na baya, lubugo nzuri inakuja kwenye mavuno yanayofuata. Nikawa nafikiria miaka mingapi nimefundisha neno "endelevu" kwa kuandika tu maana yake ubaoni.

Sasa kuna jambo lilitokea njiani kurudi bandani. Darasa langu lina watoto wa bweni kutoka Arua, Koboko, Busia, na hao Luganda hawajui, kati yao wanaongea Kiswahili. Mzee alipowasikia alisimama. Nilipata wasiwasi, manake wazee wengi wa Buganda Kiswahili kinawakumbusha wanajeshi na miaka mibaya, na siwezi kuwalaumu. Akageuka akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Mimi nimekaa Nakuru miaka 6, nyinyi watoto msifikiri siwasikii." Watoto wakashangilia! Alafu akaongeza, "Lakini mjue, watu wa lugha hiyo ndio walituletea amerikani."

Watoto wakanitazama mimi. Ni kweli kabisa. Wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka pwani walifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, wakaja na misafara, na kwenye mizigo yao kulikua na kitambaa cha pamba, ile amerikani iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani, ikapitia Zanzibar mpaka huku. Kabla ya hapo lubugo ilikua ya kila mtu Buganda, wanaume kwa wanawake wanavaa, wanatandika, wanaweka mapazia, ya wafalme na machifu inatiwa rangi nyeupe au nyeusi. Pamba ilipoingia lubugo ikasukumwa taratibu mpaka ikabaki kwenye kutawazwa, kwenye misiba na kwenye matambiko. Kwa hiyo ule woga wa yule mama kwenye simu haukutoka hewani, nguo ikiondolewa mwilini mwa walio hai na kubaki kwa wafu tu, watu wataiogopa. Nilisimama pale kwenye matope nikawaambia watoto kwamba njia iliyotuletea lugha ninayoifundisha ndiyo iliyoleta na hiyo pamba, na mzee akaitikia kwa kichwa. Hilo somo halimo kwenye kitabu chochote nilichopewa shuleni na sijui ningelifundishaje darasani.

Bandani ndo kazi yenyewe. Banda liko wazi pande zote lakini lina kivuli, ili gome lisikauke haraka, na kuna gogo refu lililolazwa chini. Gome linachemshwa kwanza lilainike, kisha linapondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, ya kwanza ina mifereji mipana, ya pili ya kati, ya mwisho myembamba kabisa kama mistari ya kitana. Mzee ni wa ukoo wa Ngonge, ukoo wa fisi maji, ambao kazi hii ni yao ya kurithi na mkuu wao anaitwa Kaboggoza, na anafanya na wajukuu zake wawili. Wakipiga watatu kwa pamoja inakua mdundo, ta-ta-ta, ta-ta-ta, na gome linatambaa lenyewe juu ya gogo. Watoto walipima kwa rula kwa ajili ya projekti yao: kipande kilichoanza na upana wa sentimita 48 baada ya saa moja kilikua 71, na mzee akasema bado mbali sana, mpaka jioni kitafika upana wa shuka.

Kila mtoto alipewa nyundo. Hii nawapa sifa bila kinyongo, sehemu nyingi watoto wanaangalia tu. Kazi si lelemama jamani, baada ya dakika tano mkono unakufa. Kijana mmoja mwenye nguvu, wa timu ya mpira, alitaka kuonesha wenzake, akapiga kwa hasira na gome likatoboka. Tundu la ukubwa wa sarafu. Nilijua tutafokewa. Mzee alimshika kifundo cha mkono tu, akamwongoza, "Usiipige. Acha nyundo ianguke. Sikiliza." Akapiga naye polepole mpaka sauti ikabadilika kutoka pa ikawa du. Alafu akachukua sindano na uzi wa rafia akamwonesha kushona kiraka, akamwacha ashone mwenyewe. Huyo kijana darasani hakai kwenye kiti dakika kumi, pale alikaa nusu saa ameinamia tundu lake.

Mwisho lubugo inatandazwa kwenye nyasi juani na mawe kwenye pembe, na jua ndilo linaipa ile rangi ya chungu. Asubuhi inakua hudhurungi hafifu, siku zinavyopita inaiva. Pale kwenye nyasi binti wa yule mama alikua amesimama nyuma yangu muda wote, mikono kwenye mifuko ya sweta, anatii alichoambiwa. Akamuuliza mzee kwa sauti ndogo, "Jjajja, hii si ya maiti?"

Mzee akachuchumaa akawa sawa na urefu wake. "Mjukuu wangu, na sanda ya Waislamu ni ya nini?"

"Ya pamba."

"Na wewe usiku unajifunika nini?"

Binti hakujibu. Hakuigusa pia, na mi sikumlazimisha. Lakini kwenye gari aliniuliza kama anaweza kuandika hilo swali kwenye ripoti yake, nikamwambia andika kama lilivyo.

Chakula kilikua matoke ya kufukiwa kwenye majani na mchuzi wa karanga, elfu 5 sahani, kitamu na cha kushiba. Choo kipo kimoja tu kwa watoto 42 na walimu 4, foleni ilikula nusu saa, waongeze kingine.

Duka sasa. Kuna mikoba, kofia, pochi, majalada ya daftari, vivuli vya taa. Pochi elfu 15, mkoba elfu 45, lubugo nzima bila kushonwa elfu 80. Nilinunua mkoba na jalada. Mkoba wiki tatu sasa nabeba vitabu kila siku na haujaachia mshono hata mmoja, umeanza kulainika na kupendeza zaidi. Jalada limeanza kutoka nyuzi kwenye kona, naona hawakupinda ukingo kabla ya kushona, kwa elfu 20 nilitegemea zaidi. Ukinunua chochote usikiloweke, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Na ile nyota ya tano? Dada wa duka alichukua mkoba wangu, mkoba wa gome la mti ambao nimetoka kuona ukifungwa majani kama mgonjwa, akautia kwenye kavera jeusi, yaani mfuko wa plastiki. Watoto waliona kabla yangu. Mmoja akasema, "Auntie, si mmetufundisha mazingira saa hizi?" Dada aliona aibu, akasema mifuko ya karatasi ni ghali na wateja wanadai kavera. Namwelewa, biashara ni ngumu, lakini majani ya mgomba yamejaa nyuma ya duka! Mzee anafunga mti mzima kwa majani na kamba za bure, pochi moja itashindikana vipi? Nilimwandikia mwenye karakana ujumbe usiku ule na akajibu kwa heshima kwamba wamelisikia. Hiyo pamoja na zile dakika 40 za TV ndizo zilizokula nyota. Pia watafute mtu wa kueleza kwa Kiswahili au wamtumie mzee mwenyewe, manake Luganda na Kiingereza tu kinawaacha nje watoto wa kaskazini na mashariki, nilitafsiri mpaka sauti ikanikauka.

Tulipokua tunaondoka mzee alitukatia vijiti viwili vya mutuba, vinene kama mkono wa mtu. Unachomeka tu ardhini, havihitaji mbegu. Tumevipanda karibu na tenki la maji la shule, kimoja kimekauka, kingine juzi kimetoa vijani viwili na watoto wamekizungushia miiba kwa sababu ya mbuzi wa jirani.

Mwezi wa 4 wakati wa mvua narudi na Sinia 1. Nimeshaongea nao kwa simu na tumekubaliana: tunaanza mtini, dukani mwisho, TV hapana, na watoto watakuja na vikapu vyao vya kubebea.